Ofisi ya Sinza naiuza, na saini yako inahitajika

Sinza, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto huko Arusha. Sisi hatujambo. Nakuandikia kukujulisha kwamba nimeamua kuiuza ofisi yetu ya Sinza ya picha na vifaa vya filamu, na kwamba katika mauzo hayo limo jambo ambalo siwezi kulimaliza bila wewe.

Usidhani kazi zimekwisha. Harusi na matangazo yapo, ila kukodisha vifaa vya filamu hakulipi tena. Unakumbuka jinsi mtayarishaji alivyokuwa akimuuzia msambazaji wa Kariakoo filamu pamoja na haki zake zote, akapokea fedha kwa mkupuo, na muda si mrefu akaja kwetu kuchukua kamera kwa ajili ya filamu nyingine. Soko lile la DVD lilidhoofishwa na nakala za wizi, na hata stempu za kodi zilizoanza kubandikwa mwaka 2013 hazikulinusuru. Kisha watazamaji wakahamia kwenye visimbuzi na simu. Wanaotengeneza tamthilia za televisheni hupiga picha miezi mfululizo, na mtu wa namna hiyo hununua kamera yake mwenyewe.

Mnunuzi ni kijana wa picha za harusi, na umakini wake umenifurahisha. Alikaa sakafuni asubuhi nzima akijaribu betri moja moja na kuandika kila moja inakaa na chaji muda gani, kisha akazungusha pete ya kila lenzi huku ameitegea sikio. Moja ilikwaruza, bila shaka kwa mchanga wa Bagamoyo, naye akaipunguzia bei nami sikuwa na la kubisha.

Kwa kuwa tulisajili jina la biashara tu kule BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, wala si kampuni, hakuna hisa za kumuuzia: anachonunua ni vifaa, jina na wateja, na madeni ya kodi, kama yapo, yananibakia mimi. Kilemba cha fremu, yaani fedha ya kumwachia chumba cha biashara, tumeshaelewana, na mwenye nyumba ameridhia kumwandikia mkataba mpya wa pango. Mhariri wetu atabaki naye, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko taa zote zile.

Kazi ipo kwenye lile kabati la kanda za miniDV na diski. Kijana anataka vyote, ili filamu za zamani aziweke YouTube, naye anaamini kwamba mwenye kanda ndiye mwenye filamu. Nimemweleza kuwa sivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, filamu hulindwa kwa miaka 50, na haki hiyo haihami kwa kukabidhiana kabati. Inahitaji maandishi yenye saini. Zile tulizomuuzia msambazaji moja kwa moja si zetu tena, hata kama kanda zake ninazo. Zile mbili za mwanzo, tulizochangia fedha mimi nawe, hatukumuuzia mtu, kwa hiyo nusu yake ni mali yako.

Ushauri wangu ni tusiziuze. Tumkodishie kwa miaka michache, mapato yagawanywe kwa asilimia tutakayokubaliana, na muda ukiisha zirudi kwetu. Yeye angependa kulipa mara moja akamaliza, na fedha anayotaja si haba. Lakini hivyo ndivyo tulivyowaona wenzetu wengi wakiachana na kazi zao, na leo zikionyeshwa hawapati hata senti. Hata hivyo, ukiwa na shida ya fedha taslimu sitakulaumu, nami nitakuwa tayari kuinunua sehemu yako.

Tafadhali nijibu kwa maandishi, kisha utafute ule mkataba wa uchangiaji uliobaki kwako uniletee nakala, maana wakili hataki kuandaa hati bila kuuona. Vifaa nitamkabidhi kijana mara atakapomaliza malipo. Kabati litabaki limefungwa mpaka nipate jibu lako.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo.