Mwanangu, kisigino hakina haraka

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa hicho kisigino cha kushoto unachokiulizia kila ukipiga simu, nami kila mara nakujibu "kinaendelea vizuri" kisha nahamisha mazungumzo. Leo nakuandikia, maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja maumivu tu, unaniamuru nipumzike, na kesho yake unanitumia ratiba nyingine ya mbio.

Ukweli ni huu. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua kumi za kwanza natembea kama korongo. Nashika ukuta, kisha mlango, kisha kiti. Nikibonyeza nyuma ya mguu, vidole vitatu juu ya kisigino, nakuta kiuvimbe kigumu mfano wa harage lililojificha chini ya ngozi. Nikishazunguka nyumba mara mbili mguu unalainika, nami nasahau kwamba naumwa. Hapo ndipo ninapojidanganya.

Ratiba yako ya kwanza haikuwa mbaya, ila ilikuwa ya mtu wa miaka 24, nami nina 51. Jumanne mita 400 mara kumi kwa kasi, Alhamisi kilima, Jumapili mbio ndefu. Wiki tatu za mwanzo nilijiona nimerudi usichanani. Pumzi ilikuja, mapigo ya moyo yalitulia, ngazi nilizipanda bila kuhema. Kumbe moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ilhali kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, kama hiyo ya nyuma ya kisigino, zinataka miezi. Kano haipati damu nyingi kama msuli, kwa hiyo hujijenga taratibu na kujitibu taratibu zaidi. Basi mimi nilikuwa na pumzi ya kilomita 15 juu ya kano za kilomita 6. Wiki ya nne, palepale kilimani, ikaanza kuvuta.

Kosa ni langu, si lako. Badala ya kusimama niliufunga mguu bandeji nikakimbia wiki mbili zaidi, kwa kuwa sikutaka ujue kwamba mama yako ameshindwa na ratiba uliyompangia. Yale maumivu ya mwanzo yangeisha kwa siku chache. Hiyo aibu ndiyo iliyonigharimu miezi.

Mtaalamu wa viungo niliyemwendea hakuniambia nilale. Alinipeleka kwenye ngazi. Nasimama ukingoni kwa vidole, visigino vikiwa hewani, najiinua kwa mguu mzima, halafu nahamishia uzito kwenye mguu mbovu na kushusha kisigino polepole mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka. Kisha tena mara 15, seti tatu, goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ukipiga hesabu utaona ni mara 180 kwa siku, na akili inachoka kabla ya mguu. Zoezi hilo lilipata umaarufu kwa daktari mmoja wa Sweden, Håkan Alfredson, aliyechapisha matokeo yake na wenzake mwaka 1998. Waliowajaribu walikuwa wanamichezo wa kawaida 15, wastani wa umri miaka 44, watu wa rika letu hasa. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano, mkubwa wake akakataa kumpasua, naye kwa hasira akaamua kuitesa mpaka ikatike ili wasiwe na la kufanya ila kumpasua. Ikapona! Nilicheka peke yangu pale ngazini.

Uliniandikia habari za Carlos Lopes, yule Mreno aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya 1984 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia kule Rotterdam kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 12. Habari tamu, lakini Lopes alikuwa amekimbia tangu ujana wake. Mimi nilianza na miaka 47, tena kwa kutembea. Anayenifaa mimi ni mzee Ed Whitlock wa Kanada, ambaye mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 54. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburi ya karibu na kwake, polepole, hata saa tatu mfululizo. Hebu fikiria, mtu wa umri ule, na mahali penyewe ni hapo.

Kwa hiyo sasa nakimbia siku tatu badala ya tano, kwa mwendo ambao naweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Siku mbili nanyanyua vyuma, kwa sababu misuli ya umri huu isipofanyishwa kazi inapungua yenyewe. Ile saa uliyoninunulia naivaa, usihuzunike, ila naifunika kwa mkono wa sweta. Nikiona kasi yangu tu, miguu inaanza kubishana na namba.

Kuhusu moyo, acha wasiwasi. Nilipimwa kabla sijaanza, pamoja na shinikizo la damu.

Jambo ambalo hutalipenda: nimebadilisha usajili, mwaka huu nakimbia nusu marathoni. Najua ulishawatangazia rafiki zako. Lakini marathoni kamili si nusu mbili zilizounganishwa. Ikifika kilomita ya 30 hivi, sukari iliyowekwa akiba kwenye misuli na ini huwa inaelekea kwisha, na mbele bado kuna kilomita 12. Njia ya kujiandaa nayo ni mbio ndefu za Jumapili nyingi, na mimi nina Jumapili chache tu ambazo kano imeziruhusu. Niliwahi kufika kilomita 28 mara moja. Wewe ungeamka kesho yake ukaenda kazini. Mimi nilishuka ngazi kinyumenyume kwa siku nne.

Ukipata nafasi Jumapili hii, njoo tukimbie pamoja. Ila uwe nyuma yangu. Ukitangulia hatua mbili tu nitakufuata, najijua, na tutarudi kulekule. Na hiyo saa yako ukaiache nyumbani.

Nimebakiza seti ya goti lililokunjwa, ngoja nikaimalize.

Mama yako