Mama hataki nikanyage chini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya biashara ya ndizi. Kwangu ni Uyole, Mbeya, ila kwa sasa nipo Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu, kwa mama yangu mzazi anayeniuguza. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimepamba moto, nilipanda bodaboda kwenda kufuata mzigo shambani. Kwenye mteremko pikipiki ikateleza, ikanilalia mguu wa kulia. Muundi ukavunjika pamoja na ule mfupa mwembamba wa pembeni yake. Nikapelekwa Mbeya mjini, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa.

Siku ya kuruhusiwa, ndugu wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana nije kwa mama. Niliona wameamua vema. Uyole tunaishi na baba mkwe, na kama unatufahamu Wanyakyusa, unajua mkamwana na baba mkwe wanavyoheshimiana kwa kuepukana. Hata kupishana mlangoni ni shida, sembuse mtu wa kuogeshwa na kubebwa kwenda chooni.

Shangazi, huku nimetunzwa. Wiki za mwanzo mama alilala chumba kimoja na mimi, akiamka usiku kuniinulia mguu juu ya mto kwa sababu ulikuwa unavimba. Kaka yangu ni seremala. Alichukua kiti cha mbao akakitoboa katikati, akakiweka juu ya tundu la choo ili nisichuchumae. Mama mdogo analeta maziwa karibu kila asubuhi. Wenzangu wa kikoba walichangia gharama za upasuaji, na mume wangu analeta watoto kila anapopata nafasi, nauli ikiruhusu. Sina ninachoweza kuwalipa watu hawa, na sitaki uelewe barua hii kama malalamiko juu yao.

Tatizo limeanza baada ya kliniki iliyopita. Daktari aliangalia picha ya eksirei akasema mfupa umeanza kushika na chuma kimekaa sawa. Akaniambia nianze kukanyaga kwa magongo mawili, niongeze uzito kidogo kidogo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanionyesha namna ya kukunja goti, kupandisha na kushusha kifundo, na kusimama nikihamisha uzito mguu hadi mguu. Alinieleza kwamba mfupa unakomaa kwa kubebeshwa uzito wa kiasi, na kwamba kukaa tu kunanyong'onyeza misuli, kunakaza viungo na kunaweza hata kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu. Haya ninayaona mwilini mwangu. Paja la kulia limesinyaa, nikiyalinganisha mapaja yangu naogopa, na kifundo kinagoma kukunjika asubuhi.

Mama hataki kabisa. "Mguu haujakomaa, mwanangu." Magongo ameyaweka chumbani kwake, ananipa nikiwa naenda kuoga au chooni tu, naye akinishika kiunoni, mguu ukining'inia.

Ana sababu yake, na siwezi kuidharau. Mjomba wangu, kaka yake tumbo moja, alivunjika mguu ujanani akipasua mbao. Alifungwa vijiti na mtaalamu wa kienyeji, akarudi kazini mapema, mfupa ukaunga ukiwa umepinda. Anachechemea mpaka leo. Mama alikuwa binti wakati huo, na ndiye aliyemlimia na kumfulia miaka yote ile. Nimemweleza kwamba mjomba hakuwa na chuma cha kuushikilia mfupa, na hapakuwa na picha ya kuonyesha umeunga vipi. Anajibu kwamba chuma nacho hukatika. Ni kweli, daktari hakutuficha: mfupa ukichelewa sana kuunga, chuma kinaweza kuchoka kikakatika. Ndiyo maana mimi nataka uunge! Kuna wakati alitaka pia kumleta mzee mmoja anayechua mifupa, anivute mguu. Hilo nilikataa nikiwa nalia, na nashukuru aliliacha.

Kinachoniumiza zaidi ni chai yake. Mama anaishi kwa kuchuma chai na kukamua ng'ombe mmoja. Chai inataka kurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili kutegemea hali ya hewa. Ukichelewa, majani yanakomaa na kiwandani hawayataki, wanataka machanga. Hivi sasa shamba limempita kimo kwa sababu hataki kuniacha peke yangu asubuhi nzima. Ningekuwa natembea na magongo yangu hadi jikoni, yeye angekuwa shambani.

Kaka alijaribu kuongea naye, akaambiwa, "Wewe hukumzaa." Mume wangu anasema atakuja anichukue nikafanyie mazoezi Uyole. Lakini akiwa kazini nani atanishika, na suala la baba mkwe liko palepale. Halafu mama ataona amenyang'anywa mgonjwa wake kwa kuambiwa hakumtunza vizuri, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Jirani ananishauri nifanye mazoezi kwa siri mama akienda kukata majani ya ng'ombe. Sitaki. Nikianguka peke yangu, yeye ndiye atakayejilaumu mpaka kaburini, na sipendi kupona kwa kumdanganya mtu aliyeniogesha.

Nilimwomba twende wote kliniki amsikie daktari mwenyewe. Anasema gari humtapisha kwenye zile kona, ni kilometa 70 hivi hadi Mbeya, na ng'ombe atakamuliwa na nani. Mimi najua kuna zaidi ya hapo. Baba alifia wodini, na tangu hapo mama hajakanyaga hospitali.

Amebaki mjomba. Yuko Kiwira, ana nguvu zake, na nafikiri ndiye mtu pekee ambaye mama anaweza kumsikiliza katika hili. Ila namwombaje mzee wa watu aje akae sebuleni, tuuzungumzie ulemavu wake mbele yake ili mimi niruhusiwe kutembea? Hajawahi kuuongelea mguu ule mbele yetu sisi watoto, na heshima yake kwangu ni kubwa. Nikikosea namna ya kumwomba, nitakuwa nimewaumiza wazee wawili kwa mpigo.

Nishauri, Shangazi. Nimwendee mjomba, na kama ndivyo, nianze na maneno gani? Au nimtume kaka, yeye ni mwanaume mwenzake? Au ipo njia ya kumfanya mama akubali kwenda kliniki bila kumlazimisha? Mwezi ujao natakiwa kurudi, na daktari alisema anategemea kuniona nimeanza kukanyaga. Naomba unijibu kabla ya hapo.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa wawili, Rungwe