Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtoto haachi shule siku moja

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa na daftari la mahudhurio mbele yangu. Ni la darasa la sita, la mwaka jana. Mwalimu wa darasa ameniruhusu kulipitia kwa kuwa tunafanya naye kazi katika kikundi cha kujitolea kinachowafuatilia watoto walio katika hatari ya kuacha shule. Mstari wa 17 ni wa msichana mmoja ambaye siku alizokosa zimejipanga kama shanga: Alhamisi, Alhamisi, tena Alhamisi.

Kwa karibu miezi miwili binti huyo aliitwa mtoro. Aliadhibiwa. Mzazi akaitwa, hakutokea. Mwenzetu alipofunga safari kwenda kwao, nusu saa ilitosha kujua kulikoni: mama yake ana kliniki kila Alhamisi, na mdogo wake mchanga hana wa kubaki naye. Jirani akakubali kumshika mtoto siku hiyo moja ya wiki. Basi. Tangu wiki iliyofuata hadi shule zilipofungwa, mstari wa 17 hauna pengo hata moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia watoto walioacha masomo, tunazungumza kana kwamba waliondoka ghafla, halafu mwisho wa mwaka tunawahesabu. Haiwi hivyo, Mheshimiwa. Mtoto huanza kwa kuchelewa. Anakosa siku moja, kisha mbili. Anakosa jaribio la hesabu, anarudi na kukuta wenzake wamesonga mbele, anaona aibu kuuliza. Siku jina lake linapofutwa, yeye alishaondoka zamani.

Na dalili hizo husomeka mapema. Mwaka 2007 Robert Balfanz na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi karibu 13,000 wa Philadelphia, Marekani, tangu walipokuwa darasa la sita. Mahudhurio yaliyoshuka chini ya asilimia 80, kufeli hesabu au lugha, mwenendo usioridhisha: mambo haya yalitosha kuonyesha, miaka kadhaa kabla, wengi wa wale ambao wasingemaliza. Shule zetu tayari zina taarifa hizo, zimeandikwa kwa mkono wa mwalimu kila asubuhi. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma kisha akavaa viatu akaenda kubisha hodi.

Mtu huyo hawezi kuwa mwalimu wa darasa peke yake. Ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, ana darasa lililojaa. Ndiyo maana programu zilizodumu zimemweka mtu maalumu. Communities In Schools, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1977, huweka mratibu ndani ya shule, kazi yake ikiwa kuunganisha familia na msaada ambao mara nyingi upo hapo hapo kwenye jamii, ila hakuna anayeufikisha. Check & Connect, iliyoanza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1990, humpa mwanafunzi mlezi anayekaa naye kwa angalau miaka miwili, akikagua mahudhurio yake na kuzungumza na wazazi wake.

Naomba utulie kidogo kwenye hiyo miaka miwili, maana hapo ndipo sisi tunapoumia. Mradi wetu ulifadhiliwa kwa mwaka mmoja. Fedha zilikwisha muhula wa tatu ukiwa katikati, na kijana aliyekuwa akiwatembelea watoto wanane akapata kazi ya mshahara mbali na hapa. Simlaumu hata kidogo, naye ana watu wanaomtegemea. Lakini mstari wa 24 ni wa mvulana mmoja kati ya wale wanane. Alikuwa ameanza kurudi, siku tatu kwa wiki, kisha nne. Baada ya hapo ni alama za kukosa mpaka ukingo wa ukurasa. Ametoka kwenye orodha, na hakuna aliyekwenda kwao kuuliza, kwa sababu hakukuwa na wa kwenda. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wazima mara kadhaa maishani mwake, tukamwachia njiani na sisi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni nafasi ya kazi. Kila shule iwe na mfuatiliaji wa mahudhurio anayelipwa kutoka bajeti ya wizara, atokaye katika jamii hiyo hiyo, mwenye mkataba usiopungua miaka mitatu. Semina zinaweza kusubiri. Vikundi vya kujitolea kama chetu vitamsaidia, lakini haviwezi kushika nafasi yake.

La pili halina gharama. Toa waraka unaokataza kumsimamisha masomo mtoto kwa kosa la utoro. Kumfukuza nyumbani anayekosa shule ni kumsukuma kule kule anakoelekea. Badala yake, akikosa siku tatu bila taarifa, mtu aende kwao ndani ya wiki hiyo, na aende kuuliza, asiende kugomba.

Hatuombi hisani, Mheshimiwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi zilizouridhia zichukue hatua za kuhimiza mahudhurio na kupunguza idadi ya wanaoacha shule. Hatua ninayoiona mimi ni mtu mwenye daftari na ruhusa ya kutoka nje ya geti.

Bajeti ijayo bado haijafungwa. Nipo tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia, na daftari hili nitakuja nalo.

Wako mtiifu,
Mfuatiliaji wa kujitolea