Kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja

Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala. Nakuandikia kuhusu surua, na hasa kuhusu maneno tunayoambiwa kliniki: "Watoto hawajatimia, rudi Alhamisi."

Najua yanakotoka. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga. Kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki baada ya muda wa saa sita kinamwagwa, na muuguzi anaogopa kumwaga dozi 9 kwa ajili ya mtoto mmoja. Lakini mama aliyerudishwa amelipa nauli ya daladala, genge lake limefungwa tangu asubuhi, na nyumbani kuna mtu ameshamwambia chanjo inafunga kizazi. Akirudishwa mara mbili, haji tena. Jirani yangu yalimkuta hayo: mwanawe alichomwa ya miezi 9, ya miezi 18 hajaipata mpaka leo. Huenda kwenu anahesabiwa kuwa amegoma. Hakugoma, Daktari.

Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hukaa hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Zifikirie nyumba zetu za kupanga: vyumba sita, korido moja.

Wenye hofu nawajua, wengine ni ndugu zangu. Anayeuliza kama chanjo inaleta usonji anastahili kuambiwa kwamba uvumi ule ulienezwa na makala ya 1998 ya Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo Uingereza ikamfutia usajili wa udaktari. Hayo niliyasoma mwenyewe. Nilipouliza kliniki nilijibiwa, "Mama, unachelewesha foleni." Mwingine akijibiwa hivyo, atakwenda kuuliza kwenye kundi la WhatsApp.

Naomba uwaandikie wauguzi waraka: wafungue kichupa, na hakuna atakayedaiwa dozi zilizomwagwa. Tena siku za kliniki akae mtu pale kwenye mabenchi, kabla hatujafika kwenye mizani, kazi yake iwe kujibu maswali tu.

Mwanangu wa mwisho anatimiza miezi 18 mwezi ujao. Nitamleta, hata kama siku hiyo atakuwa peke yake.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala