Kabla ya kuifunga zawadi ya mtoto, fungua kifuniko cha betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wazazi, walezi na wauzaji wa vifaa vya watoto kuhusu jambo nililokutana nalo mwezi uliopita, nilipokuwa nikitafuta zawadi ya siku ya kuzaliwa ya binti yangu wa ubatizo, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka 2.

Siku alipobatizwa, padri alimaliza kuwauliza wazazi wake kisha akanigeukia mimi, akataka kujua kama niko tayari kuwasaidia katika wajibu wao, nami nikajibu kwa sauti kuwa niko tayari. Watu wengi huichukulia kazi ya msimamizi wa ubatizo kuwa ya siku moja, ya kushika mshumaa na kupiga picha, na kinachobaki baada ya hapo ni zawadi ya kila mwaka. Sioni ubaya wa zawadi. Lakini kwa kuwa inaingia nyumbani kwa mtoto kwa mkono wangu, na mama yake ataipokea bila kuikagua kwa sababu tu imetoka kwangu, naona wajibu wa kuikagua ni wangu.

Nilikwenda Kariakoo, nikazunguka maduka na meza za pembeni mwa Mtaa wa Congo, nikachagua simu ya kuchezea ya rangi ya waridi ambayo ukibonyeza vitufe vyake inaimba na kuwaka taa. Niliuziwa shilingi 7,000. Niliporudi nyumbani Tabata nilitaka kuijaribu kabla ya kuifunga kwenye karatasi, nikaigeuza, na kidole gumba kilipogusa kifuniko cha nyuma kikafunguka. Betri tatu ndogo za mviringo, zile ambazo wengi tunaziita betri za saa, zikadondoka sakafuni. Mbili nilizidaka palepale. Ya tatu ilibingirika hadi chini ya kabati, nikalazimika kulala kifudifudi na tochi ya simu na mpini wa ufagio mpaka nikaivuta, imejaa vumbi upande mmoja na upande wa pili inang'aa. Nilikaa nayo kiganjani nikimfikiria mtoto wa miaka 2, ambaye kila anachokiokota hukipeleka kwanza kinywani.

Katika familia nyingi, mtoto akimeza sarafu wakubwa husema apewe ndizi au ugali, tusubiri choo, na mara nyingi sarafu hutoka bila madhara. Mazoea hayo ndiyo yanayonitia hofu, kwa sababu betri ya namna hii inafanana na sarafu kwa umbo tu. Ikinasa katika umio, yaani njia ya chakula, haihitaji kupasuka wala kuvuja ili idhuru: mate na unyevu wa mwili huunganisha pande zake mbili, umeme huanza kupita, na kwenye upande wake hasi hutokea kemikali kali ya jamii moja na dawa ya kuzibulia mabomba ya maji machafu. Nyama ya koo huanza kuungua, na katika muda wa saa 2 kidonda kinaweza kuwa kimeingia ndani sana. Za hatari zaidi ni zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, ambazo nyingi zimeandikwa CR2032, kwa kuwa upana huo unatosha kunasa katika koo la mtoto mdogo. Hata hivyo, zile ndogo kama nilizoziokota mimi nazo huunguza zikinasa, au zikisukumwa puani na sikioni, jambo ambalo kila aliyelea mtoto anajua kuwa linatokea. Betri ambayo tunasema imekwisha, kwa sababu haiwashi tena kifaa, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Na hata baada ya madaktari kuitoa, kidonda kinaweza kuendelea kuchimba kwa siku kadhaa au hata wiki, kikafikia bomba la hewa au mshipa mkubwa wa damu ulio jirani.

Mtoto wa umri huo hawezi kueleza alichomeza. Anatokwa na udenda, anakohoa, anakataa chakula, pengine anatapika, na mzazi anampeleka zahanati akidhani ni mafua au malaria. Zahanati nyingi hazina eksirei, na safari ya kutoka hapo hadi hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa yenye wataalamu wa kuitoa, inaweza kumaliza hizo saa 2 na zaidi kabla mtoto hajapigwa picha. Penye eksirei nako kunahitajika jicho makini, kwa maana ukiona duara jeupe kooni unaweza kusema ni sarafu. Wataalamu huangalia ukingo wake, kwa sababu betri iliyopigwa picha kwa mbele mara nyingi huonekana kama duara ndani ya duara. Ndiyo maana ningependa sana wauguzi wetu wa kliniki ya mama na mtoto, ambao hukutana na akina mama kila wanapopeleka watoto kupimwa uzito na kuchanjwa, walitaje jambo hili japo kwa dakika moja.

Wakati huo mzazi afanye nini? Asimtapishe mtoto, wala asimpe ndizi au chakula kingine cha kuisukuma. Aende hospitali mara moja, hata kama mtoto anaonekana mzima, na aseme wazi mlangoni kwamba anahofia betri. Mwongozo wa wataalamu wa sumu wa Marekani unasema kuwa mtoto aliyezidi mwaka 1, ikiwa betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita na mtoto anaweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, akiwa njiani kuelekea hospitali, kwa sababu asali huifunika betri na kupunguza makali ya kuungua. Asali hiyo si tiba. Kama haipo nyumbani, mtu asipoteze hata dakika moja kwenda kuitafuta.

Siku ya pili nilirudi dukani. Kijana aliyeniuzia alinipokea kwa adabu, akasema, "Mama, wateja wanapenda kinachoimba, halafu wanapenda kinachofunguka kirahisi ili wabadilishe betri." Sikumlaumu, maana hakuna aliyemwambia vinginevyo. Nilimwomba tuvigeuze vingine alivyokuwa navyo, tukagundua kuwa simu, magari na vinanda vya aina ileile vilikuwa vya namna mbili: vingine kifuniko kilikuwa na skrubu ndogo ambayo haifunguki bila bisibisi, na vingine kifuniko kilishikwa na ulimi wa plastiki tu. Bei zilikuwa karibu sawa. Skrubu moja! Kwenye boksi la ile niliyonunua kulikuwa na alama ya kichwa cha mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, pamoja na tarakimu 0-3, maana yake kifaa hakifai kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 3. Maelezo yote yaliyozunguka alama hiyo yalikuwa ya Kichina na Kiingereza. Nakiri kuwa mimi mwenyewe niliiona dukani nikaipita, nikidhani ni pambo la boksi.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshalitungia sheria. Australia ilianza mwaka 2022 kulazimisha bidhaa zinazotumia betri hizi ziwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, pamoja na maonyo. Marekani, ambako vifaa vya kuchezea vilikuwa tayari na masharti ya namna hiyo, ilipitisha Agosti 2022 sheria inayogusa na vifaa vingine vya nyumbani, ikapewa jina la Reese, mtoto wa miezi 18 aliyefariki dunia baada ya kumeza betri ya rimoti. Naliomba Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tayari lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka nchi zinakotoka, lichukulie kifuniko kisicho na skrubu kwenye kifaa cha mtoto kuwa sababu ya kutosha ya kukizuia, na lidai onyo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi mwenye miwani anaweza kuzisoma. Nawaomba na wafanyabiashara wanaokwenda wenyewe kuagiza mizigo Guangzhou na kwingineko wadai skrubu hiyo tangu kiwandani, kwa kuwa wanunuzi wa hapa hatuna njia ya kuidai mpaka mzigo uwe umeshafika.

Mwishowe zawadi niliipata mtaani kwangu. Fundi cherehani wa jirani alinishonea mwanasesere wa vitenge vilivyobaki kwenye kazi zake, akamjaza sufi na kurudia mishono mara mbili ili sufi isitoke. Alikuwa ameshatenga vifungo viwili vyeusi vya macho, akaniambia, "Dada, vifungo vinapendeza." Nikamweleza kuwa wanaopima vifaa vya watoto kwa viwango vya kimataifa hutumia kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7, na kwamba kipande chochote kinachoenea ndani yake hakiruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 3, sembuse kifungo. Akaviweka pembeni, akayadarizi macho kwa uzi mweusi, na nywele akazisuka kwa uzi wa sufu, zikashonwa hadi kwenye kichwa chenyewe zisivutike. Anatazama vizuri kabisa.

Jumamosi iliyopita mtoto alitimiza miaka 2, akampokea mwanasesere wake na kumbeba mgongoni kwa khanga ya mama yake. Watu walipokwisha kula nilimsimulia mama yake habari ya betri, tukapita naye chumba kwa chumba: kipimajoto, mizani ya jikoni, kadi inayoimba aliyoletewa siku hiyohiyo, na rimoti bapa ya redio ambayo tuliikuta chini ya mto wa kochi, kwenye kimo cha mkono wa mtoto, ikiwa haina kifuniko. Tuliizungushia solotepu, tukaiweka juu ya kabati la vyombo.

Mama wa ubatizo,
Tabata, Dar es Salaam.