Kabla hujanunua gari la gesi, uliza nani atakagua mtungi

Ndugu Mhariri,

Kijana mmoja wa hapa Nyendo, Masaka, Uganda, anayefanya biashara ya kuvuka mpaka wa Mutukula kwenda Tanzania, alinijia juzi na picha ya gari kwenye simu. Gari liko Dar es Salaam, bei yake nzuri, na muuzaji amemhakikishia kwamba linatumia gesi, kwa hiyo habari ya petroli aisahau. Ni mtu wa nne kuniuliza jambo hili tangu mwaka uanze, kwa kuwa wanajua nilirudi nyumbani na gari la namna hiyo. Naomba nafasi nimjibu yeye na wenzake kwa pamoja.

Gesi yenyewe siisemi vibaya. Niliendesha teksi Dar kwa miaka sita, na kuanzia 2020 mpaka narudi mwaka 2023 gari langu lilikuwa na mfumo wa gesi. Gesi ya kule ni gesi asilia, inachimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, inasafirishwa kwa bomba hadi mjini, na kituoni inashindiliwa mpaka presha ya baa 200, kama mara mia ya upepo wa tairi la gari dogo. Inauzwa kwa kilo. Kilo moja ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na wakati naondoka niliinunua kwa shilingi 1,550 hivi za Tanzania huku lita ya petroli ikicheza karibu na 3,000. Kwa dereva anayezunguka kutwa, tofauti hiyo ni ada ya mtoto.

Lakini ilikuwa na jasho lake. Foleni ya kujaza ilinila saa mbili, siku nyingine saa tatu, nikisogea hatua kwa hatua. Ukifika kwenye mashine unazima gari, abiria wanashuka, unafungua boneti. Mhudumu anachomeka mpira kwenye valvu iliyo pembeni ya injini, anazungusha, na gesi inaanza kuingia. Mtungi ulio kwenye buti unapata joto taratibu, ukiugusa unausikia. Joto hilo ndilo linalokupunja, maana gesi ya moto inajaza nafasi kabla kilo hazijatimia. Ndiyo maana mimi nilipenda kujaza alfajiri. Mhudumu akichomoa, unasikia mlio mfupi wa upepo, na taa nne za kijani zinawaka kwenye swichi karibu na usukani. Asubuhi gari linawaka kwa petroli kwanza, injini ikipata moto linahamia kwenye gesi lenyewe. Mtungi wangu wa lita 60 ulibeba kilo 10 au 11, ukanipeleka kilomita 170 hivi. Baada ya hapo unarudi kwenye foleni.

Sasa wewe mwenye picha kwenye simu, pima mwenyewe hizo kilomita 170. Nilipohama nilijaza Dar mtungi ukajaa kabisa. Taa nyekundu iliwaka kabla sijaingia Morogoro. Toka hapo, Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo, Bukoba, mpaka hapa Masaka, nilitembea kwa petroli, nikiwa nimebeba chuma cha zaidi ya kilo 50 kwenye buti na mabegi ya watoto yako mapajani mwao. Tangu nifike sijapata kituo cha kujaza gesi hiyo hapa kwetu, na nimeulizia hadi Kampala.

Naelewa kwa nini watu wanaitamani. Hatuna bahari, na petroli yetu nyingi inapitia Kenya. Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama Malaba na Busia, mpakani na Kenya, kwa sababu ya vipimo vya Korona kwa madereva, nilikuwa bado Dar, na ndugu zangu walinipigia simu kwamba lita imefika shilingi 10,000 za Uganda sehemu nyingine. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa akitafuta njia nyingine. Wengine wananiambia tuvumilie, mafuta ya Ziwa Albert yakianza kutoka tutakuwa na gesi yetu. Ndugu zangu, gesi inayopangwa kutengenezwa kule kwa matumizi ya wananchi ni ile ya kupikia, na hapo ndipo ilipo hofu yangu kubwa.

Mwaka jana nilipeleka gari kwenye gereji moja Kampala kwa shida ya breki. Fundi alipoona mtungi akafurahi. Akaniambia kwa pesa kidogo ataunganisha mtungi wa jikoni kwenye mabomba yaleyale, na kwamba amewafanyia wengine. Nilimkatalia, nikafunga buti, nikaondoka na breki zangu mbovu polepole.

Hizi ni gesi mbili tofauti. Ya magari ya Dar ni methani, nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi inapanda juu na kutawanyika. Ya jikoni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari inatulia chini, miguuni mwa abiria, ikisubiri cheche. Presha zake hazilingani hata kidogo, kwa hiyo kifaa cha kupunguza presha cha moja hakiifai nyingine. Ni kweli ziko nchi, Uturuki ikiwa mojawapo, ambako magari mengi yanatembea kwa gesi ya aina ya jikoni, lakini yana matangi yake, valvu zake na sheria zake. Mtungi wa jikoni uliofungwa kwa kamba nyuma ya kiti anachokalia mama na mtoto haumo katika sheria hizo.

Ninaiomba Wizara ya Nishati na shirika letu la viwango, UNBS, walishughulikie jambo hili sasa, wakati magari haya bado yanahesabika. Gari lenye mtungi likifika Mutukula, mtungi uandikishwe kama injini inavyoandikishwa. Iwekwe gereji inayotambuliwa ya kuukagua au kuufungua, na anayeunganisha mtungi wa jikoni kwenye gari la abiria achukuliwe hatua. Habari za kuvutwa bomba la gesi kutoka Tanzania nazisikia na ninaziombea dua, ila bomba likifika kabla ya mkaguzi tutazika watu.

Mimi mtungi wangu niliufungua kutoka kwenye gari. Uko stoo, umefungwa kwenye gunia, mbali na jiko. Shingoni umegongwa muhuri wa mwaka 2020, na ulitakiwa kupimwa upya mwaka 2025. Nimeuliza Masaka, nimeuliza Kampala, sijampata wa kuupima, na kuuza kwa watu wa vyuma chakavu siwezi kwa sababu najua watakaoukata hawajui kilichobaki ndani. Kama yupo msomaji au ofisi yoyote inayoweza kuupokea, nitaupeleka kwa gharama yangu.

Msomaji wako,
Dereva wa teksi, Nyendo, Masaka