YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA SIKU SABA USKOTI, SEPTEMBA 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Dar es Salaam.

2 Oktoba 2024

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na baba yangu mzazi tulikuwa miongoni mwa wateja kumi na wawili mliowapeleka Uskoti tarehe 14 hadi 20 Septemba. Tulilipa shilingi milioni 11 kila mmoja, mbali na tiketi ya ndege na viza. Kipeperushi chenu kiko mezani hapa ninapoandika: "Tembea kwa miguu milimani, kula chakula cha wenyeji, onja wiski pale inapotengenezwa." Kati ya hayo matatu hatukupata hata moja kama mlivyoahidi.

Kwanza mjue mliyemwuzia safari hiyo. Baba ana miaka 67, mzaliwa wa Marangu. Kwa miaka 19 alikuwa mpagazi Kilimanjaro, akipanda na mizigo ya wageni kichwani. Alitamani siku moja apande mlima wa ugenini akiwa mikono mitupu. Alinunua viatu vya mlimani soko la Memorial pale Moshi, akavivaa mwezi mzima shambani ili vimzoee. Anajua fika kwamba kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uskoti, mita 1,345, kiko chini kuliko lango la Marangu. Hilo halikumpunguzia hamu hata kidogo.

Kwenye bonde la milima la Glencoe mlitupa dakika 20, zote kwenye maegesho ya magari, za kupigia picha. Kisiwani Skye, kwenye Old Man of Storr, ile nguzo ya mwamba mliyoiweka kwenye jalada la kipeperushi, tulipewa dakika 40. Kupanda hadi kwenye nguzo na kurudi kunataka saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida. Baba alipanda dakika ishirini kwa saa yake ya mkononi, akasimama, akaitazama ile nguzo ukungu ukiipitia, akageuka. Miaka yote ya upagazi hakuwahi kuchelewesha msafara. Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Hakusema neno mpaka tukaingia kwenye basi.

Suala la wiski ndilo lililoniuma zaidi. Bibi yangu alikuwa mpishi wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Baba amekua akimwona akiloweka ulezi, akiuacha uchipue, akiuanika na kuusaga kuwa kimea. Alipojua kwamba Waskoti nao huanza hivyohivyo kwa shayiri, kisha huchemsha pombe yake kwenye mitungi ya shaba na kuukusanya mvuke, na kinachopatikana hukaa kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka mitatu ndipo kiitwe wiski, alijiandalia maswali kwenye daftari. Maswali kumi na moja, nimeyahesabu. Tulifika Carbost, kwenye kiwanda cha Talisker kilichoanzishwa 1830, saa kumi na moja jioni kasoro dakika kumi. Mhudumu alitafuta kwenye kompyuta kwa subira: hapakuwa na jina letu wala la kampuni yenu. Hamkuweka nafasi! Tulinusa harufu ya kimea tukiwa nje, basi.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi. Mallaig ni bandari ya wavuvi, kamba wanashushwa pale pale, na sisi tukisubiri feri ya kwenda Armadale tuligawiwa sandwichi za baridi za kwenye mfuko. Supu ya samaki wa moshi, viazi na maziwa, ile wanayoiita Cullen skink, tuliila Portree kwa fedha zetu wenyewe. Baba alimaliza bakuli mbili.

Dereva simlaumu. Alituendesha kwa uangalifu mkubwa kwenye barabara zile nyembamba za kupita gari moja tu, na hoteli zilikuwa safi. Kosa ni la aliyepanga ratiba, aliyehesabu kilomita na kusahau kwamba wateja wamelipa ili washuke kwenye gari.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mturejeshee malipo ya siku tatu kati ya saba, kwa watu wawili: siku ya Glencoe, ya Storr na ya Carbost. Mkiondoe kipeperushi hicho au mpange ratiba inayolingana nacho, kwa maana nimeona bado mnakitumia kuuza safari ya mwakani. Na mmwandikie baba yangu barua ya kumwomba radhi, kwa jina lake, si kwangu.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani. Nimeambatisha nakala ya risiti, kipeperushi na ratiba mliyotupa uwanja wa ndege.

Wenu,
Mteja, kwa niaba yangu na ya baba yangu